Nilimshika Mama kwa Leso

Ukunda, Kwale
22 Septemba 2024

Mpendwa shemeji Chome,

Kahaso ameniagiza nianze kwa shikamoo kwa sababu wewe ndiwe kaka yake mkubwa. Basi shikamoo, ingawa mimi na wewe tunajua ni nani aliyezaliwa mwanzo. U hali gani huko Doha, na joto lao? Natumaini kreni unayoiendesha haijambo na wewe uliyekaa juu yake hujambo. Aliye juu mngoje chini, nasi tunakungoja.

Huku sote tu wazima. Kahaso bado yuko kwenye supamaketi, anashinda amesimama siku nzima halafu jioni anasema ni mimi niliyechoka vibaya. Watoto wanasoma. Mimi bado naoka mikate ya hoteli usiku, na wageni wa Diani bado wanaila asubuhi bila kujua kwamba kuna mtu aliyekosa usingizi kwa ajili yake.

Nimeamua kukuandikia kwa mkono kwa sababu kwa simu unanikatiza. Tena simu yako husikilizwa na chumba kizima, na haya ni mambo ya mama mkwe wangu, siwezi kuyatangaza. Suleiman binamu yenu anarudi huko wiki hii. Nimemwomba aitie barua hii pamoja na pasipoti yake, asiichanganye na samaki wa kukaanga aliofungiwa na mkewe.

Swali lako nalijua. Ulisema vuli ikianza na Mama bado anayumba, mbuzi wake wauzwe, nyumba yake ya Mkongani ifungwe, naye ahamie kwetu moja kwa moja. Wingu limeanza kujikusanya upande wa Shimba, kwa hiyo wakati wa jibu umefika. Jibu limo humu, ila utalipata likifika zamu yake. Usiruke ukurasa.

Alipokuja kwetu Pasaka, Mama alikuwa na mafua tu. Asubuhi moja nimetoka kazini, nimekaa nje mlangoni nikingoja chai, nikamwona ameinuka kitini na kuanguka upande wa kushoto kama gunia lililoegeshwa vibaya. Alisema nyumba inazunguka. Alitapika, akakumbatia mguu wa meza asiuachie, na macho yake yalikuwa yakicheza yenyewe kwenda upande. Kahaso alikuwa kazini. Mtu pekee aliyekuwepo ni mimi, na mimi ndiye niliyekuwa sifai.

Desturi unaijua. Kwetu Vihiga mkwe hamgusi mama mkwe, hamtazami usoni, wala halali naye chini ya paa moja. Kwenu nako heshima hiyo ipo, sema nyinyi mnailegeza kidogo pakiwa na shida. Mimi sikulelewa kuilegeza. Tangu Mama aje, usiku nilikuwa hotelini na mchana nililala chumbani kwa jirani yetu Jacktone, mtunza bustani. Kitanda chake hakikupata nafasi ya kupoa, usiku wake, mchana wangu. Siku ile niliita wanawake wa ploti, wakambeba, mimi nikatangulia kutafuta tuktuk nimewapa mgongo.

Kule Msambweni daktari wa masikio alimpima akasema si presha, na wala si kitu alichotupiwa na mtu. Nakutajia hilo la pili kwa sababu Shutu, jirani yake wa Mkongani, alikuwa ameshaanza kuulizia mganga. Ugonjwa uko kwenye sikio la ndani, la kushoto. Kusikia anasikia vizuri, kama unavyojua, hata yale asiyoambiwa. Kilichoharibika ni mshipa unaopeleka habari za usawa wa mwili.

Aliyetueleza tukaelewa ni Judy, msichana anayesimamia mazoezi ya viungo hospitalini. Alisema ndani ya kila sikio mna kitu kama pima maji ya fundi, na ubongo husikiliza zote mbili ndipo ujue kama umesimama wima. Ya kushoto imenyamaza, ya kulia bado inasema. Ubongo unaona mmoja anasema na mwenzake amenyamaza, unadhani mwili unazunguka. Mshipa wenyewe huenda usirudi kama ulivyokuwa, lakini ubongo unaweza kujifunza kuamua kesi kwa shahidi mmoja. Utajifunza tu ikiwa kichwa kinatikiswa na kugeuzwa kila siku, hata kama mgonjwa anachukia. Mama alichukia.

Vipimo vyenyewe, shemeji, ukivisikia utadhani ni mchezo wa watoto. Anasimama miguu pamoja, anafumba macho. Anasimama tena juu ya kipande cha godoro. Anatembea juu ya mstari, kisigino mbele ya vidole, kama mtu anayepima kiwanja kwa nyayo. Cha mwisho ndicho nilichokipenda. Anafumba macho na kupiga hatua papo hapo kama askari wa gwaride, halafu anaambiwa afumbue. Mwenye masikio mazima anajikuta pale pale, anatazama alikokuwa akitazama. Mama alianza akitazama dirisha, akamaliza akitazama kabati, na hakuhisi kwamba amegeuka. Alituambia tumelihamisha kabati.

Judy akasema ataona dawa na mazoezi yanafanya kazi kwa kuangalia Mama anaishia kutazama wapi kila akirudi kliniki. Akigeuka kidogo kuliko mwezi uliopita, tunaendelea. Akigeuka zaidi, kuna kitu tunakosea. Nikaona hapo hapana longolongo, hata mimi mwoka mikate naweza kusoma kipimo kama hicho.

Tatizo lilikuja aliposema nyumbani lazima awepo mtu wa kusimama nyuma yake kila siku, amshike asianguke. Kahaso anatoka alfajiri na kurudi jioni. Judy akanitazama mimi. Mimi nikatazama viatu vyangu. Mama akaivua leso mabegani, akaifunga kiunoni fundo la nguvu, akaiacha mikia miwili mirefu nyuma.

"Na ashike hii," akasema. "Akishika nguo hajanishika mimi."

Judy alisema inafaa kabisa, hata wao wana mkanda wa kazi hiyo hiyo. Hivyo ndivyo nilivyokabidhiwa mama yako, shemeji, kwa mikia ya leso.

Kila siku nikiamka kwa Jacktone navuka ua, nabisha hodi kwenye nyumba ninayolipia kodi, nasubiri nikaribishwe. Mama anasimama sebuleni akitazama mlango wa mbele. Mimi nyuma yake, leso mkononi. Anashika kadi ya Krismasi uliyotuletea mwaka ule, anakazia macho nyota yake huku akitikisa kichwa kulia na kushoto. Halafu godoro. Halafu gwaride la macho yaliyofumbwa, na hapo ndipo taabu ilipokuwa. Alikuwa akigeuka kidogo kidogo kwa kushoto, leso inamzunguka, mpaka akifumbua macho anajikuta ananitazama mimi ana kwa ana. Mama mkwe na mkwe wake, uso kwa uso, tena mimi nimemshika kwa kamba kama mbuzi. Yeye alikuwa akifunika macho kwa kiganja, mimi natazama juu. Dari ya sebule yetu naijua sasa kuliko fundi aliyeipigilia.

Lakini mwezi wa pili wa mazoezi kipimo kilisonga. Alianza kuishia kutazama televisheni, yaani ubavu, na wiki zilizofuata akaishia kwenye picha ya harusi yetu iliyo karibu na mlango. Kila alipopungua kugeuka, aibu nayo ilipungua. Kahaso alikuwa akirudi kazini swali lake la kwanza ni, "Leo ameishia wapi?" Nikimwambia picha ya harusi, anaweka mkoba chini na kucheka.

Kisha Juni akarudi nyuma. Kule Msambweni alitoka dirishani akaishia kabatini tena. Judy hakukasirika, aliuliza tu ni dawa gani anakunywa, kwa sababu zile tembe za kizunguzungu za mwanzo zilishakatazwa. Alituambia zinalaza ubongo wakati unatakiwa uwe darasani. Mama akasema hanywi kitu. Judy akamwomba afungue fundo lililokuwa kwenye pindo la leso. Mimi fundo hilo nilikuwa nimelipapasa wiki nzima nikidhani ni ugoro wake. Zilikuwa tembe za aina ile ile, kutoka Doha, shemeji, zile ulizompa dereva mmoja wa huko kambini kwenu amletee kimya kimya. Sikulaumu, ulitaka mama yako apate nafuu. Ila wewe ulitoa dawa na mimi nikaishika kwa mkono wangu mwenyewe bila kujua, kwa hiyo tugawane.

Tembe ziliachwa, na kipimo kikaanza kusonga tena polepole. Hapo ndipo ukaja ule mpango wa ndoo.

Nauandika bila kumtaja mwenye wazo, kwa kuwa tulikuwa wengi. Wewe ulisema kwa simu, Shutu akasema, Kahaso naye akasema, kwamba kwenu mwanamke hapimwi kwa kutembezwa juu ya mstari wa rangi. Hupimwa kwa ndoo ya maji kichwani. Akifika nyumbani bila kumwaga, ana ugonjwa gani? Nami nilinyamaza, na ukimya wangu haukuwa wa hekima. Nilikuwa nimechoka na kitanda cha Jacktone. Nilitaka sebule yangu.

Tukamjazia ndoo pale bombani kwenye ploti. Akajitwika, akavuka ua, akapanda ngazi, akaingia ndani, na hata tone halikudondoka. Wanawake walipiga vigelegele. Mimi mwenyewe niliona shingo imenyooka, mgongo umenyooka, hatua za msichana. Jumapili hiyo hiyo Kahaso alimpeleka Mkongani, na wewe ukasema Mungu mkubwa, na miadi ya Msambweni tukaiacha ipite.

Yaliyompata Mama kule aliyasimulia Shutu. Siku ya tatu Mama alikuwa akitoka bombani na ndoo yake, anatembea vizuri kabisa, wakati mzee mmoja aliyekuwa akipalilia shamba upande wa kushoto alipomsalimia. Unajua ulivyolelewa. Mtu hajibu salamu ya mzee akiangalia mbele kama punda. Mama akageuza kichwa amjibu, na dunia ikageuka pamoja nacho. Ndoo ilipasuka, kifundo cha mkono kikateguka, nyonga ikavimba. Anasema maumivu si kitu. Kilichomuuma ni kuanguka mbele ya mtu aliyemheshimu kwa salamu, na yule mzee kubaki akiomba radhi kama kwamba salamu ni kosa.

Kahaso alilia siku mbili. Mimi sikulia ila sikuweza kula, na nakuambia wazi kwamba niliogopa. Nilimwona Mama akishushwa kwenye gari akiwa amelala kwenye kiti cha nyuma, mdogo kuliko alivyoondoka, nikaona mbuzi wameshauzwa na nyumba imeshafungwa. Alikuwa haulizi tena ataenda lini kwake. Mtu asipouliza nyumbani kwake, shemeji, hilo ni jambo baya kuliko kizunguzungu.

Judy alisikiliza kisa chote cha ndoo, kisha akauliza swali moja tu. Alipokuwa na ndoo kichwani, shingo iligeuka? Tukafikiri. Haikugeuka. Mwenye ndoo hageuzi shingo, akigeuza anamwaga, na Mama ameizoea kazi hiyo tangu utoto. Judy akasema basi ndoo haikumpima, ilimsaidia kujificha. Mgonjwa wa ugonjwa huu akikaza shingo anaweza kutembea mpaka Kwale mjini. Kipimo ni kutembea huku anageuza kichwa, na hicho ndicho tulichokiruka tulipoiacha miadi ipite. Hakuna aliyebishana naye, hata Shutu, ambaye tulimweka kwenye simu asikilize.

Tukaanza upya, leso kiunoni. Zoezi jipya lilikuwa la salamu, na Mama ndiye aliyelibuni, kwa hasira nadhani. Alisema kama salamu ndiyo iliyomwangusha, salamu ndiyo itakayomwinua. Anatembea kutoka jikoni kwenda mlangoni, mimi nafuata nyuma na mikia ya leso, nasema kutoka bega la kushoto, "Shikamoo, Mama." Anageuza kichwa huku anatembea, macho chini asinione, anajibu, "Marahaba." Hatua chache, nahamia bega la kulia, "Habari za kutwa?" Anageuza huko, "Njema, baba." Kutoka jikoni mpaka mlangoni tunaulizana habari za mbuzi, za mvua, za watoto, za wewe. Jacktone alikuwa akipita dirishani anatikisa kichwa, anadhani tumerogwa.

Nilikuwa nimeoa kwenu miaka mingi na sijawahi kuzungumza naye zaidi ya hodi na karibu. Katika mwezi wa salamu nilijua kwamba marehemu mumewe, Baba Sanga, alikuwa akiogopa mbwa. Nilijua kwamba wewe ulichelewa kutembea na walikupeleka mpaka Kinango kutafutiwa dawa, nawe sasa unapanda kreni. Nilijua pia kwamba hapendi mikate yangu, anaila kwa heshima tu. Alisema mikate ya mzungu haina chumvi. Tangu siku hiyo, mikate ya nyumbani naitia chumvi zaidi.

Wiki iliyopita tulikwenda Msambweni kwa kipimo ambacho wewe unakingoja. Kwenye godoro aliyumba kidogo akajirudisha mwenyewe. Kwenye mstari alitembea akigeuza kichwa kulia na kushoto, Judy akimsalimia kila upande, na akamjibu kila salamu bila kukanyaga nje. Alipofumba macho na kupiga gwaride alianza dirishani akamaliza dirishani. Judy alimwambia afumbue, naye akakataa kwanza, akauliza, "Mmelirudisha kabati?"

Judy amesema anaweza kurudi kwake. Mazoezi yaendelee, na akae mbali na ngazi na maji ya kichwani mpaka aonwe tena Desemba. Maji atachotewa na punda wa Shutu. Hilo nimelihakikisha mwenyewe, Shutu amenipa neno lake na punda hakupinga.

Lakini Mama hakutosheka na kipimo cha hospitali. Juzi, siku ya mwisho kabla ya safari, alinikaribisha ndani kama kawaida nikasimama nyuma yake. Akaifungua leso kiunoni, akaikunja, akaiweka juu ya kiti ili asinipe mkono kwa mkono. Nikabaki nimeshika hewa. Akafumba macho akaanza kupiga hatua. Nilikuwa nimenyoosha mikono pande zote mbili bila kumgusa, na nakuapia shemeji kwamba siku hiyo kama angeanguka ningemdaka, desturi na isemwe baadaye.

Hakuanguka. Aliposimama, macho yakiwa bado yamefumbwa, akaniuliza, "Gerishom, nimeelekea wapi?"

"Mlangoni, Mama. Umenipa mgongo."

"Vizuri," akasema. "Hivyo ndivyo inavyotakiwa."

Ndivyo inavyotakiwa, nami nilifurahi, kwa ajili yake na kwa ajili ya sebule yangu. Ila nitakuambia na lingine, kwa kuwa uko mbali na huwezi kunicheka mbele ya watu. Nilisikitika. Miezi ile ya mwanzo alipokuwa akigeuka mpaka kwangu, si kila mara niliwahi kutazama dari. Uso wa mama yako naujua. Nilipouona mgongo wake umetulia pale mlangoni nilielewa kwamba amepona, na kwamba sitauona tena.

Basi jibu lako ni hilo. Mbuzi wasiuzwe. Nyumba ilifunguliwa jana, Kahaso ameifagia, na Mama amelala kwake. Leso ameisahau juu ya kiti, au ameiacha, sijamuuliza. Kahaso alitaka kuitumia, nikamwambia aitundike tu.

Watoto wanakuamkia. Jacktone anakusalimu na anasema amekipata kitanda chake. Shutu anakusalimu, na ameniomba niandike kwamba la mganga lilikuwa wazo tu. Tusalimie Wakenya wenzako wa hapo kambini. Mama mwenyewe anasema ule vizuri, uache kutuma tembe, na ukija uje na ndoo mpya.

Mungu akushike huko juu uliko, shemeji, na ikiwa desturi haimruhusu kukugusa, basi akushike hata kwa pindo la nguo.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye ingawa hujaniuliza,

Gerishom